Mbolea ya maji kwenye bustani ya nyumbani: pipa moja linalisha matuta mangapi?

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa Kigoma Ujiji ni hili: "Afisa, nikijitengenezea mbolea yangu ya maji, si naweza kuachana na urea kabisa?" Anayeuliza mara nyingi ameshaona video kwenye simu, ndoo imejaa majani, maji yamekuwa ya kijani, na mchicha pembeni umenawiri kama umepakwa rangi.

Jibu langu huwa linategemea unalima eneo gani. Kwa matuta mawili matatu nyuma ya nyumba, ndiyo, unaweza. Kwa nusu ekari unayotegemea ikulipe kodi ya nyumba na mkopo wa halmashauri, hapana. Tusibishane kwa maneno, tupige hesabu. Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila wengi hawaifanyi mpaka mtaji umeshaingia shambani.

Ndani ya pipa kuna nini?

Majani au samadi vikikaa kwenye maji, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaanza kuvioza. Potasiamu inatoka haraka sana kwa sababu haijafungwa ndani ya jani, inayeyuka yenyewe. Naitrojeni inatoka taratibu kadiri jani linavyooza, na sehemu yake kubwa inakuwa amonia iliyoyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana pipa likikaa wiki mbili linanuka. Fosforasi inatoka kidogo, nyingine inabaki kwenye makapi.

Kwa hiyo mbolea ya maji ni chakula cha majani. Mchicha, chainizi, figiri, spinachi na matembele vinaipenda. Nyanya, bilinganya na pilipili hoho vinaifurahia pia, lakini vinahitaji na fosforasi ya kujenga mizizi na maua, na hiyo pipa lako haliwezi kutoa ya kutosha. Ukipanda juu kuelekea Kasulu na Buhigwe, kwenye udongo mwekundu wenye asidi, tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu udongo wenyewe unaikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Huko usipoweka DAP au Minjingu wakati wa kupanda, utamwaga mbolea ya maji mpaka uchoke na nyanya itabaki imedumaa.

Alizeti pori, hazina iliyolala barabarani

Kati ya majani yote tunayoweza kupata bure, namba moja kwangu ni alizeti pori. Ni kile kichaka kirefu chenye maua ya njano yanayofanana na alizeti ndogo, jani lake limegawanyika kama kiganja, na ukilitafuna ni chungu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini sasa limejaa Afrika Mashariki nzima, kwenye kingo za barabara na mipaka ya mashamba. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walipima majani yake wakakuta kila kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 0.37 za fosforasi na kilo 4.1 za potasiamu. Kwa kitu kinachojiotea chenyewe, huo ni utajiri.

Angalia lakini neno "makavu". Jani bichi sehemu kubwa ni maji. Ukikata kilo 10 mbichi, ukiyatoa maji unabaki na kama kilo 1.8 hivi. Zidisha kwa 3.5 kwa mia, unapata takriban gramu 63 za naitrojeni. Kumbuka namba hiyo.

Sasa chukua tuta la mchicha la mita 1 kwa mita 10. Mboga za majani kwa kawaida tunazipa kilo 50 hadi 100 za naitrojeni kwa hekta, kutegemea udongo. Ukiishusha hesabu hiyo kwenye tuta lako la mita za mraba 10, ni gramu 50 hadi 100. Maana yake kilo 10 za alizeti pori zinatosha tuta moja kwa msimu mmoja wa mchicha, mradi na makapi yake uyarudishe kwenye tuta hilohilo, kwa sababu si naitrojeni yote inaingia kwenye maji. Tuta moja, kilo kumi. Mtoto wa darasa la sita anakata hayo majani jioni moja.

Twende nusu ekari. Hiyo ni kama mita za mraba 2,000, yaani matuta 200 ya ukubwa ule. Kilo 10 mara 200 ni kilo 2,000. Tani mbili za majani mabichi, kwa msimu mmoja wa mchicha ambao hauzidi mwezi. Toroli ikibeba kilo 60, ni safari 33 au 34, na bado hujakatakata, hujaloweka, hujachuja, hujamwagilia. Halafu mwezi ujao unaanza upya, na vichaka vya karibu ulishavimaliza.

Na naitrojeni yote uliyoihangaikia ni kama kilo 12.6. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 12.6 zinapatikana kwenye kilo 27 za urea, zaidi kidogo ya nusu mfuko. Ukitaka kufikia mfuko mzima wa kilo 50 kwa alizeti pori, unahitaji zaidi ya tani tatu na nusu za majani mabichi.

Sisemi hivi kuikejeli mbolea ya maji. Mimi naifundisha kila wiki. Ninachotaka ni kijana aliyechukua fedha za ile asilimia 4 ya vijana ya halmashauri asiandike kwenye mchanganuo wake "gharama ya mbolea: sifuri". Kibarua wa kukata na kubeba tani mbili analipwa. Muda wako nao una bei, hata kama hakuna anayekupa risiti.

Kwa nusu ekari utaratibu unaokaa vizuri ni samadi au mboji iliyooza kama msingi, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, urea kidogo kidogo ya kukuzia, na mbolea ya maji unaiweka pale inapolipa kuliko yote: kwenye kitalu, na kwenye matuta yanayoonyesha unjano. Serikali imekuwa na mpango wa mbolea za ruzuku tangu msimu wa 2022/23. Kama hujajiandikisha kwenye daftari la wakulima kijijini au mtaani kwako, nenda kwa mtendaji ukiwa na kitambulisho chako, kazi hiyo ni ya siku moja.

Namna ya kutengeneza

Chukua pipa au ndoo kubwa ya lita 50. Kata alizeti pori kabla haijatoa maua, majani na vishina laini tu, vishina vigumu achana navyo. Katakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, jaza kilo 10, weka maji lita 30. Wengine wanaweka majani kwenye kiroba, wanakifunga na kukining'iniza kwenye mti uliolazwa mdomoni mwa pipa. Hiyo inarahisisha, hutachuja baadaye na ndoo ya kumwagilia haitaziba matundu.

Weka kivulini. Funika, ila usibane kabisa kwa sababu hewa inayotoka inahitaji njia. Kufunika si urembo: mbu wanazaliana humo, nzi wanakuja, na kuku au mtoto anaweza kutumbukia. Koroga kwa mti kila siku au kila baada ya siku mbili. Kwa joto la hapa ziwani, siku 10 hadi 14 zinatosha. Ukiona mapovu yamepungua na majani yamelegea kama mlenda, imeiva.

Kabla ya kumwagia, changanya sehemu moja ya mbolea na sehemu mbili za maji. Kwa miche ya kitaluni fanya moja kwa nne au tano. Kipimo cha macho: iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ikikolea kama kahawa, ongeza maji. Lita zako 30 zitakuwa kama 90, na hizo zigawe kwa wiki nne, kila wiki lita 20 na kidogo kwenye tuta lile moja. Mwagia asubuhi au jioni, kwenye udongo wenye unyevu tayari, chini ya mmea.

Kwa samadi utaratibu ni uleule: kwenye pipa la lita 200 weka kama kilo 40 hadi 50 za samadi ya ng'ombe au mbuzi kwenye kiroba. Ya kuku punguza mpaka nusu maana ni kali. Lakini soma sehemu ya usafi hapa chini kabla hujaimwaga kwenye mboga.

Makosa ninayokutana nayo ukanda wetu huu

La kwanza ni majivu. Sisi Kigoma tuna michikichi, na mikungu mitupu ikichomwa inatoa majivu mazuri kweli, yana potasiamu nyingi. Wazee wetu waliyatumia kutengenezea sabuni pamoja na mawese. Sasa vijana wanayachukua na kuyatupia ndani ya pipa la samadi "ili iwe na nguvu". Hapo unaharibu. Majivu yanafanya maji yawe ya magadi, na maji ya namna hiyo hayaishikilii amonia, inaruka hewani. Ile harufu kali inayokuchoma pua ukifunua pipa ndiyo naitrojeni yako inaondoka. Majivu tumia peke yake, kiganja kimoja kwa mita ya mraba, uyachanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Kwenye udongo wenye asidi yatakusaidia mara mbili.

La pili ni taka za samaki. Ukienda Kibirizi au Katonga asubuhi, utumbo na vichwa vya migebuka unapewa bure, wakati mwingine wanakushukuru kwa kuwaondolea. Ni malighafi nzuri, ina naitrojeni nyingi, na mifupa inaongeza fosforasi na kalsiamu. Loweka kwenye chombo chenye mfuniko kwa wiki tatu au nne, weka na majani yaliyokatwakatwa kupunguza harufu, halafu punguza kwa maji moja kwa kumi. Majirani wataongea, hilo jiandae nalo. Lakini usichukue maji wala mabaki ya samaki waliotiwa chumvi. Chumvi ya Uvinza ni tamu kwenye mgebuka, kwenye tuta ni sumu: udongo ukishashika chumvi miche inaungua ncha za majani, na kuitoa kunahitaji maji mengi sana.

La tatu ni kuusahau mchanga. Maeneo mengi ya ukingoni mwa ziwa, udongo ni wa kichanga. Ukimwaga ndoo nne kwa siku moja ukasema umemaliza kazi ya mwezi, sehemu kubwa inapita chini ya mizizi na kwenda zake. Mmea wa mchicha mizizi yake haifuati huko. Kwenye mchanga kanuni ni kidogo na mara nyingi, na kabla ya yote changanya mboji au samadi iliyooza kwenye tuta, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba, ili kuwe na kitu cha kuishika hiyo mbolea. Wenzetu wa bonde la Luiche wenye udongo mzito wana nafuu, wao wanaweza kuweka kila baada ya siku kumi.

Na hicho kinachopita chini kinakwenda wapi? Kwa bustani za ufukweni, kinaelekea ziwani. Tanganyika ina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo tunachokiingiza kinakaa nasi muda mrefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa au mto. Najua wapo wanaolima humo, na najua ni kwa sababu maji yako karibu. Ila waliokuwa na matuta pale chini wanakumbuka ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, halikumuuliza mtu. Weka bustani juu, lipia mpira wa maji.

Usafi: hapa sitaki mzaha

Samadi mbichi ina vimelea: bakteria wa kuharisha, mayai ya minyoo. Kuloweka wiki mbili hakuwaui wote. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna kwa mazao yanayogusana na udongo, na siku 90 kwa yale yasiyogusana nao. Mchicha wetu unavunwa siku ya 21 hadi 30. Kwa hiyo ukimwagia mchicha maji ya samadi mbichi, hakuna namna ya kutimiza siku hizo.

Ninachoshauri ni hiki. Mchicha, saladi, giligilani na chochote kinacholiwa kibichi au kinachovunwa ndani ya mwezi, kipe mbolea ya maji ya alizeti pori. Samadi kwenye mboga hizi iingie ikiwa imeshaoza kabisa, imekuwa nyeusi, haina harufu, na uiweke wakati wa kuandaa tuta. Maji ya samadi yapeleke kwenye migomba, mipapai, mahindi ya bustanini na mboga ambazo bado ni changa sana na zina miezi mbele yake, kama bilinganya na nyanyachungu. Na siku zote mimina kwenye udongo, si juu ya majani. Wanaopulizia maji ya samadi kwa bomba kwenye chainizi ili "ing'ae" wanampelekea mteja ugonjwa.

Pia kuosha. Kuna tabia ya kusuuza mafungu ya mboga ufukweni kabla ya kwenda soko la Mwanga. Mkoa wetu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kililipuka Kagunga, pale wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika ufukweni kwa maelfu. Osha mboga kwa maji ya bomba au ya kisima salama. Muuza mboga akishatajwa kwamba mboga zake zimeharisha watu, jina lake halirudi haraka.

Na zile chupa za dukani?

Kuna chupa nyingi za "busta ya asili" zinazotembezwa mitaani na kwenye makundi ya WhatsApp. Nyingine ni nzuri, nyingine ni maji yenye rangi. Kitu cha kwanza kuuliza ni kama imesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na lebo isome asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Halafu piga hesabu ile ile. Chupa ya lita moja yenye naitrojeni asilimia 5 ina gramu 50 tu hivi, yaani sawa na gramu 109 za urea, kama nusu kikombe. Linganisha bei mwenyewe. Busta ina kazi yake pale mmea umekosa madini madogo madogo kama zinki au boroni, lakini si mbadala wa kulisha shamba.

Na wewe unayetaka kufunga ya kwako kwenye chupa uuze, ujue mbolea haiuzwi Tanzania bila kusajiliwa. Kumpa jirani ndoo moja si shida. Ukishaweka lebo na bei, tayari ni biashara inayodhibitiwa, kwa hiyo wasiliana na TFRA kabla hujanunua chupa.

Jaribu kwako

Tenga matuta matatu yanayofanana, yapande mchicha siku moja, mbegu moja. La kwanza lipe mboji peke yake. La pili mboji na mbolea ya maji ya alizeti pori kwa vipimo vile. La tatu mboji na urea, gramu 70 kwa jumla kwa tuta, nusu siku ya 10 na nusu siku ya 17, uifukie kidogo na umwagilie. Siku ya kuvuna hesabu mafungu na uyapime kwa mizani, siyo kwa macho, maana macho yanapenda jasho la mwenyewe. Andika na saa ulizotumia kwa kila tuta.

Makapi yanayobaki kwenye kiroba usiyatupe. Yana fosforasi ile iliyogoma kutoka, na naitrojeni iliyobaki. Yafukie katikati ya mistari ya mchicha wa tuta lile lile, kina cha kiganja, au yalaze juu kama matandazo ukiwa huna kuku wanaozurura.